Redio ya Sebuleni: Maswali Yenu na Majibu Yetu

Malipo ya korosho yakianza kuingia, maduka ya vifaa vya umeme kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi hujaa maboksi ya redio, na wiki chache baadaye sisi nasi hujaa maswali. Tumechagua yale yanayojirudia. Tukisema redio hapa tunamaanisha seti ndogo ya sebuleni: mashine moja yenye FM, CD au flashi na Bluetooth, na spika zake mbili.

Boksi la redio yangu limeandikwa wati 5,000 P.M.P.O. Jirani ana redio ya zamani ya wati 40 na ananifunika. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Masasi)

Si lazima iwe feki. PMPO ni namba ya kuuzia. Haina kanuni moja ya kuipima, kwa hiyo kila kiwanda huandika kinachokipendeza. Namba ya kutazama ni RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo bila kukoroma.

Kama RMS haikuandikwa, geuza redio usome kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Utakuta kitu kama 230V, 50Hz, 45W. Hizo 45 ndizo wati inazokula. Mashine inayokula wati 45 haiwezi kutoa 5,000, na hata katika hizo 45 sehemu huishia kuwa joto. Hesabu wati 25 hadi 30 za muziki kwa spika zote mbili, na kwa sebule ya kawaida zinatosha.

Jirani anakushinda pengine kwa sababu ya spika, wala si wati. Spika hutofautiana katika kugeuza umeme kuwa sauti. Yake ikitoa desibeli 90 kwa wati 1 umbali wa mita 1, na yako ikatoa 84, utahitaji nguvu mara nne ili umfikie. Usijaribu kumfikia kwa kuzungusha kitufe hadi mwisho. Sauti ikianza kukwaruza, mashine imeishiwa, na kinachoungua kwanza ni twita, ile spika ndogo ya juu.

Spika zangu ziko juu ya kabati, zimegusa ukuta. Kwenye kochi la pembeni besi inavuma mno, lakini nikikaa katikati naona kama besi imepotea kabisa. (Chuno, Mtwara)

Una matatizo mawili. Tuanze na la katikati, maana hilo linarekebishwa kwa dakika mbili.

Besi ikipotea katikati, mara nyingi spika moja imeungwa kinyume: chanya kwenye hasi. Spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, basi besi zinauana. Zima redio, chomoa plagi, kisha badilisha nyaya za spika MOJA tu, nyekundu iende kwenye nyeusi na nyeusi kwenye nyekundu. Weka taarifa ya habari, sauti ya mtu mmoja anayesoma. Muungo ukiwa sahihi, utamsikia msomaji yuko katikati ya spika mbili. Ukiwa kinyume, hutaweza kusema anazungumzia wapi. Kama nyaya hazina rangi, tafuta ule wenye mstari au maandishi ubavuni, uufanye chanya pande zote mbili. Spika yenyewe isipokuwa na alama, ichomoe kwenye redio na uguse nyaya zake kwa betri ya volti 1.5. Ngozi ya spika ikiruka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Gusa tu, usishikilie.

Sasa kuvuma. Ukuta hukuza besi, na kona huikuza zaidi. Vuta spika mbele sentimita 20 hadi 40 kutoka ukutani, hasa kama zina tundu nyuma, na uzitoe konani. Zitenganishe mita 1.5 hadi 2, nawe ukae umbali kama huohuo. Twita iwe usawa wa sikio la mtu aliyekaa, sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni. Spika iliyo juu ya kabati refu inawapigia mijusi wa darini.

Kabati lenyewe nalo hutetemeka na kuongeza mvumo wake. Kata vipande vinne vya soli ya kandambili kuukuu kwa kila spika, uviweke chini kwenye pembe. Na kama sebule ina vigae, kuta za saruji na madirisha matupu, mapazia mazito na mkeka au zulia vitakusaidia kuliko kitufe chochote cha redio.

Nimenunua redio ya mtumba kutoka Japani. Nyuma imeandikwa 100V. Muuzaji amesema nibadilishe plagi tu. (Lindi mjini)

Usichomeke. Kubadilisha plagi hakubadilishi volti. Umeme wetu ni 230V, zaidi ya mara mbili ya ule ambao mashine hiyo imetengenezewa. Ukiwa na bahati fyuzi itakatika, ukiikosa transfoma ya ndani itaungua.

Nunua transfoma ya kushusha umeme yenye tundu la 100V. Nyingi madukani ni za 110V, ambazo huipa mashine asilimia 10 ya ziada na kuipasha joto bila sababu. Ukubwa wake uwe kama mara mbili ya matumizi ya redio: kwa redio ya wati 60, chukua ya 100 hadi 150 VA. Hezi zisikusumbue. Japani yenyewe inatumia 50 upande wa mashariki na 60 upande wa magharibi, hivyo mashine zao za nyumbani kwa kawaida huandikwa 50/60Hz.

Kuna jambo ambalo pengine muuzaji hakukwambia. FM ya Japani kwa miaka mingi iliishia 90 MHz, na redio mpya za huko hufika 95. Hapa stesheni zimetandazwa kuanzia 87.5 hadi 108, kwa hiyo nyingi hutazipata. Ni kasoro ileile ya redio za magari yatokayo huko. Kile kifaa cha kubadili bendi kinachofungwa kwenye magari kinaweza kutumika nyumbani kwa adapta ya 12V, kikikaa kati ya antena na redio, lakini rahisi zaidi ni kusikilizia FM kwenye simu na kuileta kwenye redio kwa waya wa AUX. Bei ya transfoma na usumbufu huo uvihesabu kabla ya kulipa. Sisi tungeichukua tu kama spika zake ni nzuri kweli.

Naruhusiwa kufunika redio kwa kitambaa cha kudarizi? (Ligula)

Ikiwa imezimwa, ndiyo. Ikipiga, hapana. Matundu ya juu na ya nyuma ndiyo pua zake, acha nafasi ya sentimita 10 kila upande. Redio inayokata sauti baada ya nusu saa, kisha ikarudi ikipoa, mara nyingi imefunikwa au imesukumwa ndani ya kabati.

Naishi karibu na maji. Spika ya kulia inakatika, nikigusa waya inarudi. Nikizungusha kitufe cha sauti kinakwaruza. (Mikindani)

Hewa ya chumvi. Shaba ikiipata hushika kutu ya kijani, na umeme hupita kwa shida. Chomoa plagi, toa waya wa spika, kata sehemu iliyogeuka kijani au nyeusi hadi ufikie shaba inayong'aa, menya upya sentimita 1, sokota vizuri na urudishe. Hakikisha hakuna uzi hata mmoja unaogusa tundu la jirani, maana huo unaweza kuiua mashine. Rudia kila mwanzo wa masika.

Kitufe kinachokwaruza, kama ni cha aina ya zamani chenye mwanzo na mwisho, hutibiwa kwa dawa ya kupulizia ya kusafishia vifaa vya umeme. Mpe fundi aifungue na kupuliza tone ndani, kisha kizungushwe mara 20 hivi. Mafuta ya taa na ya kupikia hayafai, yanakusanya vumbi.

Flashi ya GB 64 inasoma kwenye kompyuta, kwenye redio hapana. (Newala)

Redio nyingi ndogo husoma mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32 tu, na flashi za GB 64 hutoka dukani zikiwa exFAT. Tumia ya GB 32 au ndogo zaidi, uifomati FAT32 (kumbuka kufomati kunafuta kila kitu). Nyimbo ziwe MP3. Zile za M4A na FLAC huenda zisitambulike.

Redio yangu imeandikwa omu 6 kwenye matundu ya spika. Nina spika mbili za zamani za omu 4. Naweza kuziongeza? (Kilwa Masoko)

Hesabu kwanza. Ukiziunga sambamba, 6 na 4 zinakuwa omu 2.4. Kadiri omu zinavyoshuka ndivyo mashine inavyolazimika kutoa mkondo mwingi, na ya omu 6 ikipewa 2.4 itachemka, itaandika PROTECT au itakufa kimya. Ukiziunga kwa mfululizo zinakuwa 10, mashine iko salama, lakini sauti inapungua na ile spika ya omu 6 inachukua sehemu kubwa zaidi. Hata kuzitumia za omu 4 peke yake ni kwenda chini ya kiwango.

Kwa hiyo hapana. Kama unatafuta kishindo zaidi, nunua sabufa yenye umeme wake, uichukulie sauti kwenye tundu la kutolea sauti la redio. Tundu la hedifoni hufanya kazi pia, ila kwenye redio nyingi ukichomeka hapo spika kuu zinanyamaza. Na usiunganishe nyaya nyeusi za kushoto na kulia ili kuokoa waya, kwani kwenye mashine nyingi za sasa nyeusi nayo ina umeme.

Ukipima spika kwa multimita, usishangae ya omu 4 ikisoma 3.4. Ndiyo kawaida.

Nikiunga redio kwenye king'amuzi inaunguruma "mmm", hata sauti ikiwa chini. (Nachingwea)

Redio na king'amuzi zikiwa zinaendelea kuwaka, chomoa waya wa dishi. Muungurumo ukikoma, njia yake ni hiyo: umeme mdogo unazunguka kati ya dishi, king'amuzi na redio. Chomeka redio, TV na king'amuzi kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, weka kitenganishi cha sauti, kikebe kidogo chenye transfoma mbili ndani, katikati ya waya wa AUX. Usikate pini ya tatu ya plagi kama wengine wanavyoshauri. Hiyo ndiyo inayokulinda wewe.

Muungurumo usipokoma hata ulipochomoa dishi, angalia waya wa AUX. Pengine umelala juu ya adapta ya umeme, au kichwa chake kimelegea.

Nina betri ya sola ya 12V, 100Ah na redio ya wati 40. Itapiga muda gani? (Tandahimba)

Betri ya asidi usiimalize zaidi ya nusu. 12 mara 100 ni wati-saa 1,200, nusu yake 600. Inveta itakula kama asilimia 15, zinabaki 510. Gawa kwa 40: saa 12 na zaidi kidogo, kama hakuna taa wala TV inayochangia. Ukisikiliza kwa sauti ya kawaida utapata zaidi, ila zima inveta usiku kwa kuwa hata bila mzigo inakula wati kadhaa.

Redio ikiunguruma kwenye inveta lakini ikatulia kwenye umeme wa TANESCO, inveta yako ni ya wimbi la ngazi, yaani umeme wake hupanda na kushuka kwa vidato badala ya kwenda laini. Tafuta ya wimbi safi. Au tazama nyuma ya redio: ikiwa na tundu la DC 12V, achana na inveta kabisa. Soma kwanza kama inavumilia 14.4V, kwani betri ikichajiwa hufika hapo, halafu weka fyuzi ya ampea 5 kwenye waya mwekundu, karibu na betri na si karibu na redio.