Kwa nini namba za wanachama hujipanga zenyewe ndani ya objekti ya JavaScript

Ndugu, umeuliza kwa nini wanachama wa SACCO yenu ya Mbale, uliowaingiza kwenye objekti ya JavaScript (hifadhi ambayo kila thamani huwekwa chini ya ufunguo wake, katika lugha hiyo ya programu) kwa utaratibu wa kujiunga, yaani 30, 112, kisha 4, wanatoka 4, 30, 112. Programu yako haina hitilafu. Ufunguo wa objekti huwa wa aina mbili tu, stringi (yaani maandishi) au simboli (kitambulisho cha pekee), kwa hiyo namba 30 hugeuzwa kuwa "30" kabla ya kuhifadhiwa. Kisha kanuni za lugha zinataka funguo zenye sura ya namba kamili zitangulie, kuanzia ndogo hadi kubwa, ndipo stringi nyingine zifuate kama zilivyoingia.

Ninatunza hesabu za kikundi cha akiba hapa Jinja, na kwa maoni yangu mpangilio si tatizo kubwa kama sifuri za mbele. Ufunguo "004" na ufunguo "4" ni vitu viwili tofauti, hivyo karani mmoja akiandika daftari["004"] = 50000 na mwenzake akaandika daftari[4] = 20000, mwanachama yuleyule atakuwa na akaunti mbili, wala hutaonywa. Ukiandika 010 bila alama za nukuu ni balaa zaidi: katika hali ya kawaida husomwa kwa msingi wa nane na kuwa 8, ilhali katika hali kali, ile ya "use strict", hukataliwa kabisa. Amueni mapema kama namba ya uanachama ni stringi, nami ningechagua stringi, kwa kuwa hakuna anayeijumlisha.

Usitumie objekti ya mwanachama kama ufunguo. Wote watageuzwa kuwa "[object Object]", na wa mwisho atawafuta waliomtangulia.

Panapohitajika utaratibu wa kujiunga, tumia Map, hifadhi nyingine ya funguo na thamani inayotunza utaratibu wa kuingizwa, iliyoingia katika lugha mwaka 2015. Map haigeuzi aina ya ufunguo, na hapo ndipo wengi hukwama: get(4) haitaona kilichowekwa kwa "4", na kinachosomwa kutoka kisanduku cha fomu huja kikiwa stringi, hata kama aliyejaza ameandika tarakimu tupu. Ukitaka kuihifadhi kama JSON, yaani data iliyoandikwa kama maandishi, ipitishe kwanza kwenye Array.from, inayoigeuza kuwa orodha, kwa sababu JSON.stringify ikipewa Map yenyewe hurudisha {} tupu.