Maswali yenu wiki hii: nguruwe wa North Carolina na majirani walionyamazishwa

Hivi harufu ya mabanda ya nguruwe inaumiza mtu kweli, au watu wanadeka tu?

Hawadeki. North Carolina huko Marekani kuna nguruwe kama milioni 8, na kinyesi chao kinaingia kwenye bwawa la wazi, likijaa wanakinyunyizia mashambani kwa mtambo kama ule wa kumwagilia, sasa upepo ukigeuka na wewe umeanika nguo nje, basi tena. Miaka ya 90 mwishoni mtafiti wa chuo kikuu cha jimbo, Steve Wing, na wenzake waliwahoji majirani: kichwa, koo, kikohozi, kuharisha, macho kuwasha, yote yalikuwa juu kuliko kwa watu wasiokaa karibu na mifugo mingi. Na madirisha wanafunga joto likiwa kali.

Walimfanya nini huyo Wing?

Hapa ndo pananiuma. Wanasheria wa baraza la wafuga nguruwe walidai makaratasi yake ya utafiti kwa kuwa chuo ni cha umma, na humo ndani kulikuwa na habari za watu aliowaahidi hatawataja. Chuo kikamwambia atoe. Akatoa, ila kwanza alifuta kila kitu cha kuwatambulisha. Sasa wewe fikiria ni mama uliyehojiwa, shemeji yako anafanya kazi kwenye mabanda hayohayo, halafu unasikia wanasheria wanayataka yale makaratasi, siku nyingine mtafiti akipiga hodi utamfungulia?

Si hao majirani wangeenda mahakamani?

Walienda, zaidi ya watu 500, dhidi ya kampuni tanzu ya Smithfield, kampuni kubwa ya nyama ya nguruwe. 2018 baraza la wazee wa mahakama likawapa majirani 10 wa kwanza zaidi ya dola milioni 50, ila sheria ya jimbo ina kikomo cha fidia ya adhabu, ile ya kuitia kampuni adabu, ikashuka mpaka milioni 3.25. Mwaka huohuo wabunge wa jimbo wakapitisha sheria ya kubana kesi za namna hiyo, wala hawakuona haya. 2020 kampuni ikashindwa rufaa, ikakubali kumalizana na walalamikaji.

Na wanaoingia mabandani kurekodi kwa siri?

Jimbo jingine, Iowa, 2012 walitunga sheria kwamba kudanganya ili upate kazi shambani ni kosa la jinai. 2019 mahakama ikaifuta, wakatunga nyingine mwaka uleule.

Kwa hiyo tuache kitimoto?

Hilo ongea na tumbo lako, mimi nilikuwa nazungumzia bwawa.