Re: Kemia inasaidiaje kutumia maliasili bila kuziharibu?
Ndugu, umeomba mfano wa hapa nyumbani. Mimi nakupa maji ya Arusha.

Kandokando ya Mlima Meru maji yapo, ila mengi yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huko vinavuka hapo. Ndiyo maana unaona meno ya kahawia, na kwa walioathirika zaidi, mifupa iliyopinda. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki palepale.

Suluhisho mojawapo ni mifupa ya ng'ombe inayotupwa machinjioni. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Mifupa huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, husagwa iwe chembechembe, kisha maji hupitishwa humo. Madini ya mfupa, haidroksiapataiti, huachia haidroksidi (oksijeni na haidrojeni zilizoungana) na kushika floraidi badala yake. Moto ndio wenye kazi hasa! Mifupa ikiungua ikawa myeupe kabisa, uwezo wake hushuka. Isipoiva vizuri, maji hutoka na harufu mbaya na watu huyakataa, tena wana haki.

Chembe zikichoka, yaani zikijaa floraidi, sodiamu haidroksidi (ile kostiki soda) huzirudishia nguvu zikatumika tena. Ila maji yapimwe mara kwa mara, maana chujio likichoka, maji hayabadiliki rangi wala ladha.