Mgeni rasmi hakaushi rangi

Mbukwenyi wadogo zangu. Nimepita Nyerere Square mkipanga picha zenu za rangi ya mafuta kwa ajili ya maonyesho na nimerudi nyumbani na hasira. Kijana mmoja anabandua kanvasi mbili zilizolala uso kwa uso kama chapati zilizosahaulika kwenye hotpoti. Binti mwingine ameegemeza mchoro wake mbichi wa mbuyu kwenye benchi, upepo unavuma, na mbuyu ule sasa una udongo wa kweli wa Dodoma hadi matawini. Nawapenda sana, lakini haya haya tumeyaona mwaka jana. Ngoja niyaandike, ili msiniulize tena kwenye grupu usiku wa manane kuamkia ufunguzi.

1. Rangi ya mafuta haikauki kama kanga kwenye kamba. Hakuna maji yanayotoka pale. Mafuta ya linsidi yaliyomo, yale ya mbegu za kitani, yanashika oksijeni ya hewani taratibu mpaka yanakuwa utando mgumu. Rangi za udongo, zile za kahawia, zinakuwahi. Nyeupe ya titani na nyekundu ya kadmiamu zinakuchelewesha, na ukizipaka nene ndiyo kabisa. Kwa hiyo picha ya maonyesho iwe imekamilika mwezi mzima kabla. Vanishi ya mwisho ni baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Najua picha inayong'aa inapendeza kwenye kamera. Mgeni rasmi hakaushi rangi. Na ile kanuni ya chini rangi konda, yaani ya mafuta kidogo, juu yenye mafuta zaidi, sirudii, mmeshafundishwa, hamtaki tu.

2. Kuanzia Juni mpaka Oktoba hapa kwetu ni upepo na vumbi. Weka vipande vya mbao kwenye kona ndipo ufunge kanvasi mbili pamoja, na usithubutu kuzilaza juu ya keria ya Noah bila kufunika.

3. Ukuta. Nasikia wawili wenu mmepewa ukuta wa shule mpya na mnataka kuupaka rangi ya mafuta "ili udumu". Kaeni chini.

Miaka ile nilikuwa nimeuza picha kwa wageni wa hoteli, kichwa kimevimba. Shule moja ya msingi nje kidogo ya mji ilikuwa imepata darasa jipya. Wazazi walisomba mawe na mchanga, halmashauri ikamalizia. Kamati ikaniomba nichore ukuta wa nje pamoja na watoto. Plasta ilikuwa haijamaliza hata wiki tatu. Mzee mmoja fundi rangi alikuwa anapaka milango, akanishika mkono akanibandika kiganja ukutani. Baridi. Akasema, "Mwanangu, huu bado mbichi. Uache kwanza. Na siku ukirudi, uje na rangi ya maji."

Nikamjibu, "Mzee, wewe ni fundi rangi. Mimi ni msanii."

Nililisema hilo mbele ya vibarua na mama lishe, kwa sauti. Mzee hakujibu. Aliinama akaendelea na bawaba zake. Mimi nikafungua makopo, kwa sababu diwani alishapangiwa tarehe na kadi zilishasambazwa.

Kazi yenyewe ilikuwa raha tupu. Watoto walichora tembe, mizabibu, mbuzi, akina mama wa Kigogo na ngoma zao katikati ya mapaja. Mtoto wa darasa la nne alichora ng'ombe wa miguu mitano, tukamwachia. Diwani alipiga picha na ng'ombe huyo.

Mvua za Desemba zilipoanza, mwalimu mkuu akapiga simu: "Mwalimu wa sanaa, njoo umwone ng'ombe wako." Nilikuta ukuta umejaa malengelenge. Pengine rangi inabanduka kwa vipande, pengine ukigusa inateleza na kunata kidoleni. Saruji mbichi ina alkali kali, na alkali ikikutana na mafuta matokeo yake ni sabuni. Waliowahi kuona bibi akichemsha maji ya majivu na mafuta wanalijua hilo. Unyevu uliobaki ndani ya ukuta nao ulikuwa unasukuma kutoka nyuma. Mimi, msanii, nilikuwa nimewachorea watu sabuni.

Kilichoniumiza si ukuta. Yule mtoto alinifuata akaniuliza kama imeharibika kwa sababu ya mguu wa tano. Kumbe watoto walikuwa wamekwisha kuamini kwamba ni wao walioharibu. Kamati nayo ilikuwa tayari kuisingizia mvua, na nakiri nilianza kuitikia kwa kichwa. Mzee fundi rangi alikuwa amesimama pale pale, ananitazama tu, hasemi. Ikabidi niseme, mbele ya wazazi, kwamba niliambiwa nikakataa.

Likizo yote nilikwangua kwa brashi ya waya. Ukuta ulipokauka nilimwajiri mzee kwa pesa yangu, akapaka praima ya kuzuia alkali, kisha tukachora upya kwa rangi ya maji, ile ile niliyoidharau. Alinituma maji na sigara kama kibarua wake, na nilikwenda. Ng'ombe alirudi na miguu yake yote mitano.

Plasta mpya isubirini mwezi au zaidi. Jioni bandikeni karatasi ya nailoni ukutani, mzibe kingo zote kwa selotepu. Asubuhi mkiona umande upande wa ndani, rudini nyumbani.

4. Demo. Kuchora mbele ya watu siyo kuchora. Njoo na picha iliyofika nusu, hakuna mtu atakayesimama kwa muda wa saa tatu kukutazama ukipaka tabaka la kwanza. Simama pembeni watu wauone mkono, na ongea. Kwenye darasa lililofungwa madirisha msifungue tapentaini mbele ya watoto. Futeni brashi kwa linsidi, kisha sabuni ya mche. Matambara yenye linsidi msiyarundike, yanapata joto na kuwaka yenyewe. Yalowekeni au myatandaze nje.

Na lazima mtu atauliza, "Hii ni Tingatinga?" Usinune. Mweleze kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza mtindo huo Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za enameli kwenye hadibodi, na akafariki 1972. Mtajie pia Sam Ntiro, aliyechora maisha ya vijijini kwa rangi ya mafuta hii hii, na mchoro wake uko kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa New York. Ukiwa na wanafunzi na nauli ipo, wapeleke Kolo, Kondoa. Michoro ya miambani kule iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Udongo mwekundu, mwamba, na wala hawakumsubiri diwani.

5. Zawadi ya mgeni rasmi. Kamati itakuja siku mbili kabla ikitaka picha ya sura yake, bure, eti utatangazwa. Siku mbili! Someni tena namba moja. Waulizeni nani analipa, na jibu liwe kwenye karatasi. Wasipotaka kulipa, wampe mgeni skechi ya mkaa iliyowekewa kioo. Haina cha kukauka, na picha kubwa ibaki ukutani ikiwa na bei yake chini, imeandikwa kwa tarakimu, siyo "maelewano".