Dakika Ishirini za Vyuma: Je, Zinatosha Kujenga Misuli?

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, sisi tunaofanya kazi katika maghala ya Mtwara hupoteza karibu jioni zote, kwa kuwa malori hushusha mzigo hadi usiku na minada haimngoji mtu. Kwa sababu hiyo nimezoea kufanya mazoezi mara mbili kwa wiki, kila mara kwa dakika ishirini au zaidi kidogo, katika ukumbi mdogo wa vyuma ulioko Magomeni. Vijana wengi huniuliza kama muda huo unaweza kujenga misuli. Huwajibu kwamba unaweza, mradi ukali wa zoezi uwe wa kweli, na mradi mtu asitarajie kufikia kilele cha uwezo wa mwili wake kwa njia hiyo peke yake.

Ukali huo haupimwi kwa jasho, maana katika joto la Desemba hapa kwetu mtu hutoka jasho akiwa ameketi barazani. Hupimwa kwa marudio, yaani mara unazonyanyua chuma, yaliyobaki kabla ya lile usiloliweza tena. Msuli unapoanza kazi, mwili hutumia kwanza nyuzi ndogo zisizochoka upesi, na huziita nyuzi kubwa, zenye uwezo mkubwa zaidi wa kunenepa, pale tu mzigo unapokuwa mzito au uchovu unapozidi. Ndiyo maana marudio mawili au matatu ya mwisho, yale ambayo chuma hupanda polepole ingawa unasukuma kwa nguvu zote, yana thamani kubwa kuliko yote yaliyoyatangulia. Anayeacha seti yake, yaani mfululizo wa marudio bila kupumzika, akiwa bado na marudio sita mkononi atahitaji seti nyingi ili apate faida ile ile.

Makuli wa ghalani wamenifundisha jambo jingine. Gunia la korosho lina takriban kilo 80, na anayeanza kulibeba hupata mgongo na mapaja imara katika msimu wake wa kwanza. Baada ya hapo mwili wake hubadilika kidogo tu, ingawa kazi ni ngumu kila siku, kwa sababu gunia la mwaka huu lina uzito ule ule wa mwaka jana. Msuli ukishaumudu mzigo, hauna sababu ya kuongezeka. Mazoezi mafupi yasiyoongezwa uzito huishia hapo hapo.

Mtetezi mkubwa wa njia hii alikuwa Mmarekani Arthur Jones, mtengenezaji wa mashine za mazoezi za Nautilus. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, alimfanyisha mnyanyua vyuma Casey Viator mazoezi mafupi na makali kwa siku 28, kisha akatangaza kwamba Viator ameongeza misuli ya ratili 63, yaani karibu kilo 29. Simulizi hiyo bado inawavutia vijana, nami nawasihi waipokee kwa tahadhari kubwa. Viator alikuwa amepungua sana mwili kabla ya jaribio, baada ya ajali na madhara ya sindano, na msuli uliowahi kuwapo hurudi kwa haraka kuliko unaojengwa upya. Jones naye alikuwa na mashine za kuuza.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni utafiti wa Brad Schoenfeld na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019. Wanaume wenye uzoefu wa vyuma walifanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki nane, wengine seti moja ya kila zoezi, wengine tatu, wengine tano, na kila seti ilifikishwa mahali pa kushindwa, pale ambapo rudio jingine haliwezekani. Waliofanya seti moja walitumia takriban dakika 13 tu kwa kipindi, na nguvu zao ziliongezeka karibu sawa na za wenzao. Kwa unene wa misuli, hata hivyo, waliofanya seti nyingi walipata zaidi. Kwa hiyo anayetaka nguvu na mwili uliojengeka kiasi atatosheka na muda mfupi, ilhali anayejiandaa kupanda jukwaani kwenye mashindano ya kutunisha misuli hana budi kuongeza seti.

Kwangu mimi kipindi kina mazoezi matano: kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma chuma nikiwa nimelala kwenye benchi, kujivuta juu ya bomba, kunyanyua chuma kutoka chini, na kusukuma juu ya kichwa. Baada ya kupasha mwili moto, hufanya seti moja au mbili za marudio 8 hadi 12. Kila kitu hukiandika kwenye daftari, na nikivuka marudio 12 huongeza uzito kidogo safari inayofuata.

Chakula kinastahili uangalifu huo huo. Anayejenga misuli anahitaji takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kiasi ambacho ugali wa muhogo hauwezi kukaribia. Pwani yetu ina samaki, dagaa, pweza na ng'onda, na mashambani kuna mbaazi, kunde na choroko. Korosho nazo zina protini, lakini mafuta yake ni mengi, hivyo zisitegemewe peke yake.

Kuhusu usalama sina mzaha. Usifike mahali pa kushindwa ukiwa peke yako chini ya chuma cha benchi au cha kuchuchumaa; awepo mwenzako wa kukipokea, la sivyo simama ukiwa bado na rudio moja mkononi. Usibane pumzi unaposukuma, kwa kuwa shinikizo la damu hupanda ghafla, na mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu apime na kuzungumza na daktari kabla hajaanza.