Osceola Hakuwa Chifu Mkuu

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza: kama Osceola ndiye aliyekuwa chifu wa Waseminole, wenyeji wa asili wa Florida, imekuwaje jeshi la Marekani limkamate mwaka 1837, halafu vita vya Florida viendelee mpaka 1842?

Osceola hakuwa chifu mkuu. Hakurithi cheo chochote; alipanda kwa ushujaa na kwa ulimi wake. Jina lake lilivuma zaidi kwa jinsi alivyokamatwa, akiwa amekuja kuzungumza chini ya bendera nyeupe, na kwa picha aliyochorwa na George Catlin akiwa mfungwa.

Waseminole hawakuwa na mfalme. Wengi wao walitokana na Wakriki, taifa jingine la wenyeji wa Amerika, waliohamia Florida kutoka Georgia na Alabama kuanzia karne ya 18, na kando yao kulikuwa na vijiji vya Weusi waliotoroka utumwa. Kila mji ulikuwa na micco, yaani chifu, wake. Mtoto alihesabiwa ukoo wa mama yake, na cheo kilishuka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Aliyeheshimiwa kuliko wote miaka ya 1830 alikuwa Micanopy, wa ukoo wa machifu Payne na Bolek: mnene, mzito wa kuamua. Msemaji wake alikuwa shemeji yake Jumper. Mkalimani na mshauri wake alikuwa Abraham, Mweusi aliyewahi kuwa mtumwa. Mambo ya vita yalikuwa na wakuu wake, kama Alligator. Hata hivyo Micanopy hakuweza kuuamrisha mji usiokubali. Mji wa namna hiyo ulifungasha ukaenda zake.

Serikali ya Marekani ilitaka Waseminole waondoke Florida, na ilitaka mtu mmoja wa kuweka saini kwa niaba ya wote, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mkataba wa Payne's Landing wa Mei 1832 ulisema wazee 7 waende wakaikague ardhi ng'ambo ya mto Mississippi. Walipofika Fort Gibson, ngome ya huko, mwaka 1833 wakatia saini karatasi iliyosema wameridhika nayo. Washington ikachukulia kwamba taifa zima limekubali kuhama. Nyumbani wakashangaa: hawa walitumwa kuangalia na kurudi na habari, kuamua ni kazi ya baraza.

Tarehe 28 Desemba 1835 utaona jinsi kazi ilivyogawanywa. Osceola alikuwa Fort King, ngome ya jeshi huko Florida, akamuua Wiley Thompson, wakala wa serikali ya Marekani kwa Waseminole, aliyemfunga pingu mapema mwaka huo. Siku hiyohiyo Micanopy, Jumper na Alligator walikuwa mbali kusini, wamejificha kwenye misonobari wakimngoja Meja Francis Dade na askari wake zaidi ya 100. Dade hakuweka walinzi pembeni ya njia, na kwa baridi askari walikuwa wamevaa makoti mazito na bunduki zikiwa ndani yake. Kabla hawajafungua vifungo, nusu yao walikuwa chini. Walionusurika ni 3. Osceola hakuwepo kabisa.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1837. Machi wajumbe wa Micanopy walikubaliana na Jenerali Jesup, mkuu wa jeshi la Marekani huko Florida, kuhama, na watu kama 700 wakakusanyika kambini karibu na Tampa kungoja meli. Kisha wamiliki wa watumwa wakaanza kufika kudai "mali" yao miongoni mwa Weusi, na imani ikavunjika. Juni, usiku, Osceola na mganga mzee Abiaka wakaiondoa kambi yote, na Micanopy wakamchukua.

Jesup akageukia hila. Osceola alikamatwa Oktoba 21 karibu na St. Augustine, akafa kwa maradhi huko Fort Moultrie Januari 30, 1838. Lakini mwezi mmoja kabla ya kifo chake, siku ya Krismasi, Abiaka, Alligator na Coacoochee, kiongozi mwingine wa vita, waliwangoja askari wa Kanali Zachary Taylor wa Marekani kando ya Ziwa Okeechobee, watu kama 400 dhidi ya 800 hivi. Mbele yao kulikuwa na kinamasi. Walikuwa wamefyeka nyasi ili waone shabaha, na wamechanja vigogo vya miti wapate pa kuegemeza bunduki. Taylor alipoteza 26 waliouawa na 112 waliojeruhiwa. Waseminole wakatoweka na familia zao.

Kilichowadhoofisha kweli ni njaa, na ahadi ya Jesup ya mwaka 1838 kwamba Weusi watakaojisalimisha watakuwa huru. John Horse, kiongozi wa Weusi hao, alijisalimisha mwaka huo. Baadaye yeye na Coacoochee walivuka mpaka hadi Meksiko, lakini hiyo ni habari ndefu.

Umeuliza pia waliobaki walikula nini baada ya mashamba kuchomwa na ng'ombe kuchukuliwa. Walichimba koonti, mmea wa shina nene lililo chini ya ardhi. Ulioshwa, ukatwangwa kwenye kinu cha gogo, ukalowekwa na kuchujwa kwa kitambaa. Wanga ukituama, maji ya juu yalimwagwa, yakatiwa mengine, kisha ukaachwa uchachuke na kuanikwa. Anayeujua mhogo mchungu haelezwi zaidi: ukiruka hatua ya kumwaga maji, unakula sumu.

Mwaka 1842 jeshi liliacha vita bila mkataba wa amani. Waseminole karibu 4,000 walikuwa wamehamishiwa magharibi, na askari kama 1,500 wamekufa, wengi kwa maradhi. Vita vingine vilizuka 1855, na Holata Micco, aliyeitwa Billy Bowlegs, akakubali kuondoka 1858. Abiaka hakuondoka. Alibaki kwenye vinamasi vya kusini na watu wachache sana, pengine mia moja au mia mbili, na Waseminole wa Florida wa leo wanatokana nao. Kama kwenye mada yako kuna nafasi ya picha moja tu, najua ya Osceola ndiyo nzuri, lakini jina la Abiaka liandike juu yake.

Mama yako