Jibu: Indiketa zinawaka haraka haraka baada ya kuweka LED

Mkuu, umesema umebadilisha balbu za indiketa ukaweka LED na sasa zinapepesa mbio, ukauliza kama balbu ni mbovu. Si mbovu. Balbu ya kawaida ya indiketa inakula wati 21, LED inakula wati chache tu. Flasha, yaani kifaa kinachofanya indiketa iwake na kuzima, ikiona umeme unaopita ni mdogo, inadhani balbu imeungua, ndiyo maana inakimbia.

Dawa nzuri ni kubadilisha flasha, uweke inayokubali LED, ila kwenye magari mengi ya sasa kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya gari, hakuna flasha ya kuchomoa. Hapo watu hufunga rezista, kipande kinachokula umeme ili gari lione kama balbu ya zamani bado ipo, ya omu 6, wati 50, sambamba na kila balbu (ncha moja kwenye waya wa umeme wa balbu, nyingine kwenye waya wake wa hasi). Tafadhali sana, ifunge kwenye bati la bodi, mbali na plastiki na nyaya. Indiketa ikiwaka muda mrefu, rezista inapata moto wa kuunguza kidole. Nimeona kava la taa ya nyuma limeyeyuka na kubonyea kwa sababu ilibandikwa pale.

LED isiyowaka kabisa, igeuze kwanza. Nyingi zina chanya na hasi. Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, nyeupe inapoteza mwanga mwingi.

Taa kubwa usiziguse kama zimetengenezwa kwa halojeni. Riflekta yake, yaani sehemu inayong'aa ndani ya taa na kurudisha mwanga mbele, imepimwa kufuata mahali kilipo kiwaya kinachowaka ndani ya balbu, LED inatawanya mwanga na kumpofusha anayekuja mbele yako.